Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Maneno kwa Muuguzi Anayerudia Mtihani

Barabara itokayo Kasese kwenda Bwera huikata Ikweta, hupita pembeni mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, na ifikapo njia panda ya Kikorongo huiacha ile iendayo Katunguru na Mbarara, ikageukia magharibi kuelekea Kisinga, Bwera na mpaka wa Mpondwe. Siku ya soko magari hujaa. Wamo wachuuzi na vikapu vyao, askari watokao zamu, wazee waendao hospitali ya Kagando au ya Bwera kutazamwa, na wasichana wenye sare nyeupe ambao kila mtu huwapisha wakae.

Ndugu msomaji, makala yetu ya leo yamhusu abiria mmoja katika gari hilo ambaye hakuvaa sare. Jina hatumpi, kwa sababu hatumsemi mtu mmoja; wako wengi wa namna yake. Tumfikirie kuwa ni mke wa askari polisi, mama wa watoto wawili, aliyetumia miaka yake na akiba ya nyumba yake kusomea uuguzi. Mafunzo aliyamaliza. Wagonjwa aliwahudumia wodini, usiku na mchana, chini ya macho ya wakufunzi wake. Kisha matokeo ya mtihani yakatoka, naye akaona kwamba masomo yote amefaulu isipokuwa moja. Wenzake waliokuwa wakikaa naye benchi moja wamekwisha kupokea leseni na kuajiriwa. Yeye amerudi nyumbani na sanduku lake la vitabu, na sasa yampasa kusoma upya yale aliyodhani amekwisha kuyamaliza.

Kila akikutana na jirani kisimani huulizwa, "Na wewe, umeanza kazi lini?" Hana jibu. Amefika mahali ambapo akikifungua kitabu macho yake husoma ukurasa mzima na moyo wake hausomi hata mstari mmoja. Machozi humtoka, kisha hasira, kisha usingizi. Huyu ndiye tunayetaka kusema naye leo, pamoja na mume wake, mama mkwe wake na jamaa wote waishio naye.

MTIHANI HUU NI WA NINI?

Mtu aliyeangushwa na mtihani huuona kama adui. Ni vema basi kwanza tuufahamu. Nchini Uganda, Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996 iliweka Baraza la Wauguzi na Wakunga, ambalo ndilo liandikishalo wauguzi na kuwapa leseni ya kufanya kazi. Kwa miaka mingi mitihani ya vyuo vya uuguzi vya ngazi ya cheti na stashahada ilisimamiwa na bodi maalumu ya mitihani ya wauguzi na wakunga, iliyotokana na sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008. Mwaka 2025 sheria mpya ya elimu ya ufundi ilileta bodi moja ya kuwatahini watu wa kada mbalimbali za afya. Bodi zimebadilika, lakini mlango ni ule ule: asiyefaulu haandikishwi, na asiyeandikishwa hapati leseni.

Kwa nini mlango huu uwe mwembamba hivyo? Watu wa Kasese na Bwera wanalo jibu lao wenyewe, nao hawana haja ya kuelezwa na mgeni. Mwezi Juni 2019 mtoto mmoja wa miaka mitano alivuka mpaka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake, akiwa mgonjwa. Walimpeleka hospitali ya Kagando. Wahudumu wa afya waliompokea walimtazama, wakauliza maswali yaliyopasa kuulizwa, wakashuku kuwa huenda ni Ebola, naye akahamishiwa hospitali ya Bwera palipokuwa pametayarishwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa namna hiyo. Vipimo vilithibitisha tarehe 11 Juni. Mtoto yule alifariki. Bibi yake na mdogo wake nao walifariki. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini ugonjwa haukuenea katika nchi kutokana na jamaa ile. Kabla ya siku hiyo, wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165 vya Uganda walikuwa wamekwisha kuchanjwa na kuandaliwa.

Hebu tufikiri: kama aliyempokea mtoto yule angekuwa mtu aliyepita mtihani kwa kubahatisha, asiyejua dalili za kutia shaka wala namna ya kujikinga, wangapi wangezikwa Kisinga, Bwera na Kasese? Swali linalomwudhi mwanafunzi katika karatasi ya mtihani, siku moja litakuja mbele yake likiwa na homa, limebebwa mgongoni na mama yake. Mtihani ni lindo lililowekwa mlangoni. Askari yeyote ajuaye maana ya lindo hatamlaumu mlinzi kwa kuuliza neno la siri.

Kwa hiyo, dada yetu, kutokufaulu karatasi moja hakukuambii kwamba hufai kuwa muuguzi. Kunakuambia kwamba pana sehemu ya kazi bado hujaimiliki, na ni heri umeambiwa na karatasi kabla hujaambiwa na mgonjwa.

UCHUNGU USIFICHWE

Hata hivyo, maneno mazuri hayaondoi uchungu. Mtu aliyeshindwa katika jambo alilolipenda hufiwa na kitu moyoni, na mfiwa huruhusiwa kulia. Wako watu wajitiao ujasiri siku ile ile. Hufunga meza, hufungua vitabu na kujiapiza kusoma saa kumi kwa siku. Baada ya wiki moja wameishiwa nguvu, na vitabu vimerudi chini ya kitanda.

Afadhali ujipe siku chache za kupumzika, zenye mwanzo na mwisho. Lia kama walilia. Fua nguo, palilia shamba la muhogo, nenda kwa dada yako Kasese ukalale siku mbili. Kisha siku uliyoipanga ikifika, rudi.

Katika siku hizo, mweleze mtu mmoja unayemwamini habari yote, bila kupunguza. Siri ya kushindwa huwa nzito kwa sababu mwenye kuibeba huibeba peke yake, na kila mtu akicheka nje ya dirisha hudhani anachekwa yeye. Ukisema kwa kinywa chako, "Nilikosa somo moja, nami nitalirudia," utaona kwamba sentensi yenyewe ni fupi, na kwamba aghalabu aliyeisikia atakujibu kwa habari ya kushindwa kwake mwenyewe.

Ijue pia hasira ilivyo na hila. Hasira ya kushindwa haiji siku zote kwa jina lake. Huja kama kumpiga mtoto kwa kosa dogo, kumjibu mume kwa ukali, kuumwa kichwa kila ufunguapo kitabu, au kutaka kufagia ua mara tatu ilimradi usisome. Ukiiona, itaje: "Hii ni hasira ya mtihani." Ondoka mezani, tembea hata mwisho wa kambi na kurudi, kunywa maji, kisha uanze kwa swali jepesi.

Lakini pana mpaka ambao hapo hatuwezi kusema ni hasira tu. Ikiwa wiki mbili zimepita na huna usingizi wala hamu ya kula, hupendezwi na jambo lolote, wajiona huna faida, au wafikiria kwamba heri usingekuwako, huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na wewe uliyesoma uuguzi wajua hivyo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au kwa mganga wa kambi, ukaseme. Usimwambie mgonjwa wako wa kesho ajitokeze mapema ikiwa wewe mwenyewe leo wajificha.

RISASI ZIMEANGUKIA WAPI?

Hapa waume zetu walio katika jeshi na polisi wanaweza kutufundisha jambo. Kuruta akikosa shabaha katika uwanja wa kulengea, mkufunzi hamwambii apige risasi nyingine mia kwa hasira. Humpeleka hadi kwenye ubao, wakatazame matundu. Ikiwa yamekusanyika mahali pamoja kushoto, mkono wake ni imara, ila bunduki yahitaji kurekebishwa. Ikiwa yametawanyika kila upande, pumzi yake au kidole chake ndicho chenye kosa. Makosa mawili, dawa mbili mbalimbali.

Anayerudia mtihani yampasa kuutazama ubao wake vivyo hivyo. Achukue karatasi aandike kwa uaminifu: Je, nilikosa kwa sababu sikuyajua mambo? Au niliyajua nikiwa nyumbani, ila yalinitoroka katika chumba cha mtihani? Au niliyajua na kuyakumbuka, lakini sikujibu kilichoulizwa? Wapo wengi wa aina hii ya tatu. Swali husema, "Taja huduma utakazompa mgonjwa katika saa ya kwanza," naye hujaza kurasa mbili kwa kueleza chanzo cha ugonjwa. Ameandika kweli tupu, na hakupata alama.

Asiyeyajua mambo asome. Aliyesahau ajizoeze kukumbuka. Asiyejibu swali ajizoeze kusoma swali. Ukiwapa watu hawa watatu dawa moja ya "soma zaidi," wawili kati yao watarudi tena mwaka ujao. Kama waweza, mwendee mkufunzi wako wa zamani, hata kama waona haya. Mwalimu aliyekufundisha huijua mikono yako kuliko unavyodhani, na chumba cha mazoezi cha chuo ni mahali pazuri pa kurudia kazi za vitendo kwa ruhusa yake.

KUSOMA KWA KUJIULIZA

Mwanafunzi anayerudia hupatwa na mtego mmoja. Kwa kuwa vitabu amekwisha kuvisoma, kila ukurasa huuona kama rafiki wa zamani. Husema, "Hili nalijua," akapita. Kumbe kulitambua jambo na kulikumbuka ni vitu viwili. Sura ya jirani waitambua ukiiona. Lakini jaribu kuichora hali yeye hayupo.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya majaribio aliyoyafanya kwa akili yake mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kujipima baada ya muda. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tulilojifunza hutoroka upesi katika saa na siku za kwanza, kisha kinachobaki hutoroka polepole. Na mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wengine walirudia kusoma habari fulani, na wengine wakajipima kwa kuiandika bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya siku mbili, na hata baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kusoma tena na tena humpa mtu raha ya leo. Kujiuliza humpa akiba ya siku ya mtihani.

Basi fanya hivi. Soma ukurasa mmoja au mbili, funga kitabu, andika kwenye daftari yote unayoyakumbuka. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Jambo lile lirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakivuji upesi.

Tutoe mfano. Kila mkunga ajua alama za Apgar apewazo mtoto mchanga: rangi ya mwili, mapigo ya moyo, mwitikio anapoguswa, ukakamavu wa misuli, na kupumua. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, na jumla yake haipiti 10. Mtoto hupimwa dakika ya kwanza na ya tano. Ukiisoma sentensi hii utasema ni rahisi. Sasa funga gazeti, mwambie mumeo akupe mtoto wa kubuni: mwili mwekundu lakini mikono na miguu ya buluu, moyo wapiga mara 90 kwa dakika, alia kwa unyonge, ameikunja miguu kidogo, akiguswa hukunja uso. Apewe alama ngapi? Rangi 1, moyo 1 kwa kuwa ni chini ya 100, mwitikio 1, misuli 1, kupumua 1. Jumla ni 5. Mtoto huyu ahitaji msaada. Ukishindwa leo mbele ya mumeo hakuna aliyedhurika.

Na kwa kuwa tumemtaja, si vibaya kumkumbuka Virginia Apgar mwenyewe. Alikuwa daktari Mmarekani aliyetaka kuwa mpasuaji. Mkuu wake alimshauri aiache njia hiyo, akaingia katika kazi ya kutia wagonjwa nusukaputi, ambayo wakati ule haikuwa na heshima kubwa. Ilikuwa katika kazi hiyo, akiwatazama watoto wachanga katika chumba cha uzazi, ndipo alipotunga mizani yake mwaka 1952, ikachapishwa mwaka uliofuata. Mlango mmoja ulifungwa mbele yake. Kipimo chake hutumika katika vyumba vya uzazi duniani kote.

Mahali pengine panapowaangusha wengi ni hesabu za dawa na maji ya mshipa. Mgonjwa ameandikiwa mililita 1,000 kwa saa 8, na mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Zidisha 1,000 kwa 20 upate 20,000. Geuza saa 8 kuwa dakika 480. Gawanya: ni matone 41 na ushee, yaani 42 kwa dakika. Anayesahau kugeuza saa kuwa dakika atapata 2,500. Hapo ndipo akili ya muuguzi iingiapo: nani aliyepata kuona matone 2,500 kwa dakika? Kila jawabu ulilolipata, jiulize kama laweza kutokea kitandani pa mgonjwa. Na ukiwa na mpira wa watoto utoao matone 60 kwa mililita, kumbuka kwamba idadi ya mililita kwa saa ndiyo idadi ya matone kwa dakika. Fanya hesabu tatu za namna hii kila siku, kama vile askari asafishavyo bunduki yake, hata siku ambayo hana vita.

RATIBA YA MAMA MWENYE NYUMBA

Vitabu vya ushauri aghalabu huandikwa kwa watu wasio na watoto. Dada yetu wa Bwera ana uji wa kupika, maji ya kuteka, sare ya mume ya kupiga pasi, na mtoto mdogo mwenye kikohozi. Akisubiri mchana mtulivu wa saa tano mfululizo, mtihani utafika kabla ya mchana huo.

Ajitafutie vipande. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili kasorobo, kabla watoto hawajaamka, ajiulize maswali ya jana. Mchana, anapochambua kunde au kungojea sufuria ichemke, atoe mfukoni vikaratasi vyake: upande mmoja swali, upande wa pili jawabu. Usiku watoto wakilala, asome jambo jipya moja kwa muda wa saa moja, wala asipite saa nne. Usingizi ni sehemu ya masomo. Akili hupanga ghala yake wakati mwili umelala, na anayekesha kila siku humwaga usiku alichokiteka mchana. Siku moja katika wiki asisome kabisa, bali aende kanisani au msikitini, sokoni, kwa jamaa.

Kama pana mwenzake mwingine anayerudia, hata kama yuko Kasese mjini naye yuko Bwera, wapatane siku ya kupigiana simu, kila mmoja akiwa na maswali matano ya kumtega mwenziwe. Upweke ndio umchoshao arudiaye mtihani kuliko ugumu wa somo, kwa sababu darasa lake limekwenda na yeye amebaki.

NENO KWA MUME NA JAMAA

Afande, nawe makala haya yanakuhusu. Nyumba iliyolipa karo mara moja, ikiambiwa ilipe ada ya mtihani mara ya pili, huona uchungu, na uchungu huo wa haki hatuukatai. Lakini angalia ulimi wako. Mume akirudi kutoka lindo na kusema, "Pesa zangu zimeliwa na kitabu," amezipoteza pesa zile mara ya pili, kwani mkewe hatasoma tena usiku huo. Akisema, "Mama watoto, nieleze ni somo gani, tupange," amezirudisha nusu.

Msaada wa mume hauhitaji elimu ya uganga. Shika kitabu, muulize swali, soma jawabu. Hata asiyejua maana ya neno aweza kuona kama neno limesemwa au halikusemwa. Mwoshe mtoto siku mbili kwa wiki. Wekeni kando ada ya mtihani mapema, kidogo kidogo kila mshahara, ili siku ya kulipa isije ikawa siku ya ugomvi. Na wenzako kambini wakikuuliza habari za mkeo, jibu kwa kichwa kilichoinuka: "Anasoma."

Kwa mama mkwe na majirani twasema kwa heshima: swali la "lini utaanza kazi" liacheni kwa miezi hii michache. Mleteeni ndizi badala yake, au mchukueni mtoto akacheze kwenu jioni.

NJIA ZA MKATO ZIENDAZO SHIMONI

Uchungu una marafiki wabaya, na wawili hawa yatupasa kuwataja. Wa kwanza ni yule ajaye akinong'ona kwamba ana karatasi za mtihani, kwa bei nafuu. Aghalabu ni mwongo, naye atachukua fedha za watoto wako atoweke. Na kama si mwongo, basi ni mhalifu, nawe utakuwa mshirika wake. Mke wa askari polisi afikirie vema kabla hajaingia katika jambo ambalo mumewe ameapa kulipiga vita.

Wa pili ni mpole zaidi. Ni yule mwenye duka la dawa asemaye, "Wewe umesoma, njoo uchome sindano hapa wakati ukingoja." Sheria inamkataza asiyeandikishwa kujifanya muuguzi. Siku mgonjwa akidhurika mkononi mwako, hapatakuwa na leseni ya kukukinga, na leseni uliyokuwa ukiingojea huenda usiipate kamwe. Kama nyumba yahitaji fedha, uza samaki, fungua genge la mboga, shona nguo, fundisha watoto wa jirani hesabu. Kazi hizo hazina aibu, tena hazifungi mlango ulio mbele yako.

SIKU YENYEWE

Wiki ya mwisho usianze sura mpya. Rudia vikaratasi, hesabu, na maswali ya vitendo. Katika mtihani wa vitendo fanya kama wodini: salimu mgonjwa, jitambulishe, mweleze unalotaka kufanya, nawa mikono. Wengi huwa na mikono mizuri wakasahau salamu, nayo salamu ina alama zake. Jizoeze nyumbani kwa sauti, mwanasesere wa mtoto akiwa mgonjwa wako.

Ukifika, kama moyo wapiga mbio, tumia hila iliyojaribiwa. Mwaka 2011 Ramirez na Beilock wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi wenye woga walioandika hofu zao kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao wasioandika. Hofu iliyoandikwa huacha kupiga kelele kichwani. Andika basi: "Naogopa kushindwa tena. Naogopa maneno ya watu." Kisha ikunje karatasi, ingia. Soma kila swali mara mbili, pigia mstari neno liamurulo: taja, eleza, linganisha, orodhesha. Anza na ulijualo.

Na ikiwa, baada ya hayo yote, matokeo yatakuwa mabaya tena? Hatutakudanganya kwamba haiwezekani. Hapo kaeni tena, wewe na mumeo na mkufunzi, muutazame ubao upya. Huenda ni kujaribu mara nyingine. Huenda ni kuahirisha mwaka mmoja hadi mtoto akue. Huenda ni kuelekea kazi nyingine katika afya ambayo mikono yako inaiweza zaidi. Uamuzi wowote ufanywe asubuhi, baada ya kulala, wala usifanywe usiku ule wa matokeo.

Watu wa Kasese wanaijua habari ya mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulifurika kutoka milima ya Rwenzori, ukabeba mawe na magogo, ukaivamia hospitali ya Kilembe. Watu walizoa matope, wakatengeneza, wagonjwa wakarudi. Mwezi Mei 2020 mto ukaja tena, ukaiharibu hospitali kwa mara nyingine, na kazi ya kuzoa matope ikaanza upya. Hakuna aliyesema kwamba wagonjwa wa bonde lile sasa wasitibiwe kwa kuwa mto umeshinda. Waliingia na majembe.

Dada yetu, panda gari lako la asubuhi na vikaratasi vyako mfukoni. Wahunzi husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapo Bwera, karibu na mpaka, wagonjwa ni wengi na wauguzi hawatoshi. Mahali pako wodini bado pa wazi.